Anayetaka kuwa mchambuzi wa logistiki aanze na daftari la geti

Mdogo wangu, umeuliza uko mwaka wa pili diploma ya logistiki, kwenu hapahapa Tanga, unataka kujua usome kozi gani ya Power BI (programu ya kuchora chati na dashibodi za takwimu) ili ukimaliza uajiriwe kama mchambuzi, na laptop gani ununue. Laptop tutaifikia. Mie niko kwenye usafirishaji wa mizigo hapa mjini miaka mingi na kila mwaka tunaletewa wanafunzi wa fildi, kwahiyo nakujibu kwa ninavyowaona wao.

Wengi wanakuja wamesoma vizuri tu. Incoterms (masharti ya kimataifa ya nani anabeba gharama na hatari ya mzigo) zote 11 za mwaka 2020 wanazitaja bila kuvuta pumzi, chati wanachora za rangi rangi. Shida ni ukimuuliza hii namba umeitoa wapi anakujibu imo kwenye sistimu. Sasa sistimu imeipata wapi? Kimya.

Chukua mfano wa saa tu. Getini mlinzi anaandika kwa mkono gari limeingia saa 2:10, anamaanisha asubuhi, saa zetu hizi za Kiswahili. Dada wa ofisini anaihamishia Excel anaandika 02:10. Mzani unachapa wenyewe kwenye tiketi 08:40. GPS ya gari nayo kama haijasetiwa inatoa saa za Greenwich, masaa 3 nyuma yetu, inasema gari limefika getini 05:10. Asubuhi ni ileile na gari ni lilelile. Mwanafunzi anakusanya anatoa saa kwa saa, kompyuta hailalamiki, inampa masaa sita na nusu kutoka geti mpaka mzani wakati ukweli ni nusu saa, afu anaandika ripoti kwamba geti linachelewesha magari na mlinzi wa watu anaitwa kujieleza. Hakuna kozi ya Power BI itakayokuonyesha hilo kosa, utaliona ukikaa na mlinzi pale getini ukamwona anavyoandika.

Ndo maana wakija kwangu siwapi kompyuta kwanza. Nawapa gari moja walifuate, geti, mzani, kupakia, mzani tena, makaratasi, kutoka, wanaandika wenyewe saa na sababu ya kila kusubiri. Wengine wananuna, wanasema wamekuja kujifunza uchambuzi sio kukaa juani na matandiboi. Ila baada ya hapo ukimpa jedwali la mwezi mzima anajua "muda wa kupakia" umeanza kuhesabiwa wapi, gari lilipofika foleni au lilipoingia chini ya mashine, maana kila ofisi inahesabu kivyake na bosi anazilinganisha tu kama kitu kimoja.

Kitu kingine ni wastani. Tuseme magari 10, tisa yamemaliza kwa masaa 6 na moja limekaa masaa 60 kwasababu nyaraka za forodha hazijakaa sawa. Wastani ni masaa 11.4, na hakuna gari hata moja lililokaa masaa 11! Ukimwambia mteja masaa 11 umemdanganya, ukimwambia 6 ukanyamaza la 60 umemdanganya vilevile. Mpe mediani, yaani ile ya katikati ukiyapanga magari kwa masaa yake, halafu umsimulie lile moja, mara nyingi hela iko hapo.

Na ujue historia ya mahali. Bandari yetu zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa gatini, unashikwa mara mbili. Kina kikachimbwa kutoka kama mita 3 mpaka 13, meli zinafunga gatini. Sasa mtu akichanganya takwimu za enzi za matishari na za sasa kwenye chati moja atasema wafanyakazi wamekuwa hodari ghafla, kumbe kazi yenyewe imebadilika. Pigeni mstari hapo, msichore kama vile ni kitu kimoja.

Hesabu ya gharama jifunze ya lori linalorudi tupu. Gari likipeleka mzigo Arusha likarudi bila kitu, mafuta ya kurudi na posho ya dereva vyote vinabebwa na tani zilizoenda, na hutaweza kujaza kupita kiasi ili ufidie maana sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mwisho tani 56 gari na mzigo, na kila ekseli ya magurudumu ina kikomo chake cha uzito. Anayeweza kukaa na ratiba akatafuta mzigo wa kurudia analipa mshahara wake mwenyewe.

Vyuo sitabishana. Kule Dar, Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo na Chuo cha Bandari Temeke vyote vinatoa watu wazuri, na mitihani ya PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi) kama unaelekea ugavi ifanye mapema kabla majukumu hayajakuzidi. Kwa programu, Excel uijue mpaka uchoke, hasa kusafisha data (namba moja ya gari unaikuta imeandikwa namna tatu), kisha SQL (lugha ya kuchota data kwenye kanzidata), halafu hizo dashibodi. Python, lugha ya kuandika programu, ukipata muda.

Laptop chukua yoyote used yenye RAM 8 na SSD, usikope. Hela itakayobaki weka nauli, wiki ijayo kaombe ruhusa kwenye kampuni yoyote ya kleringi au yadi ya malori uwasaidie bure kuingiza daftari lao la geti kwenye Excel. Wengi wana madaftari ya miaka yamejaa vumbi hayajaguswa.