Mama Alivunjika Nyonga: Je, Nami Mifupa Yangu Iko Salama?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka 47, naishi Tabata na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Mwaka jana mama yangu, mwenye miaka 71, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na hadi leo hatembei bila mkongojo. Mimi mwenyewe hedhi imeanza kuruka miezi. Majirani wananihimiza ninywe supu ya makongoro kila asubuhi, na nimeshanunua vidonge vya kalsiamu duka la dawa. Je, hayo yanatosha kunikinga? – Msomaji, Tabata

JIBU: Pole sana, dada yangu, kwa yaliyomfika mama. Umefanya vyema kuuliza sasa, hedhi ikiwa bado haijakoma kabisa. Mfupa ni kiungo hai ambacho kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya. Mpaka umri wa miaka 30 hivi ujenzi huushinda ubomoaji, kisha mambo hugeuka polepole. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayozuia ubomoaji usipite kiasi, na inaposhuka wakati wa kukoma hedhi, anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya ujazo wa mifupa yake katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo. Upotevu huo hauumi, ndiyo maana wengi huujua siku wanapoanguka. Nawe, kwa kuwa mzazi wako amevunjika nyonga, hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako wa umri huohuo, hivyo usiache kumweleza daktari habari hiyo.

Supu ya makongoro ni chakula kizuri, lakini kalsiamu inayoingia kwenye mchuzi ni kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa hubaki ndani ya mfupa unaoutupa. Anayekula dagaa, kwa upande wake, ameutafuna mfupa wenyewe. Katika umri wako unahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na ukivuka miaka 50 kiasi hicho hupanda hadi 1,200. Kikombe cha maziwa au mtindi hutoa takriban 300, na uji wa ulezi, ambao tumezoea kuwapikia watoto na waliojifungua kana kwamba sisi wengine hatuuhitaji, nao una kalsiamu nyingi kuliko uji wa sembe. Mchicha una faida zake, ila usiutegemee kwa jambo hili, kwani asidi iliyomo huishika kalsiamu na mwili huipata kwa uchache. Vidonge humfaa yule ambaye chakula chake hakitoshi. Kuvizidisha kunaweza kuleta vijiwe vya figo, kwa hiyo daktari ndiye akupangie kiasi.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni kile kiti unachokalia kutwa. Mfupa huimarika pale unapobebeshwa uzito, na usipobebeshwa mwili huona hauna haja ya kuutunza. Kuogelea kunaufaa moyo, lakini maji hukubebea uzito wako, ndiyo maana mifupa haipati faida kubwa humo. Kinachofaa ni kutembea kwa haraka, kupanda ngazi, kucheza ngoma na kunyanyua vitu vizito kwa kiasi. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako, acha lifti kwa wazee na wagonjwa, na lenga angalau dakika 30 za mwendo wa haraka kwa siku 5 za wiki. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: inuka kitini mara kumi bila kujisaidia kwa mikono, kisha nyanyua madumu ya maji ya lita 5, mgongo ukiwa umenyooka.

Kutembea huko kukiwa mchana, utapata pia jua, ambalo huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu haifyonzwi ipasavyo. Dar es Salaam hatuna uhaba wa jua, lakini anayetoka nyumbani alfajiri, akakaa nyuma ya kioo, akarudi magharibi, hana fungu lake, kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi. Anayejisitiri kwa buibui anaweza kukaa uani kwake mikono na miguu ikiwa wazi. Tumbaku na pombe nyingi hudhoofisha mifupa, na aliyetumia prednisoloni kwa miezi 3 au zaidi, kwa pumu au maradhi mengine, aulizie kinga ya mifupa bila kuacha dawa kwa uamuzi wake.

Sasa nirudi kwa mama. Mara nyingi mgonjwa hutibiwa pale palipovunjika na mifupa mingine yote ikasahauliwa, ilhali aliyevunjika nyonga kwa kuteleza tu anaweza kuvunjika tena. Mrudisheni kliniki mkaulize waziwazi kama anahitaji dawa ya kuimarisha mifupa. Nyumbani, wekeni mkeka wa mpira bafuni, shikio imara ukutani na taa ya usiku, na mtupe kandambili zilizolika soli.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 anajinyima chakula ili apungue, na hedhi haijaja kwa miezi 4. Naambiwa ni kawaida ya umri. – Mama, Kigamboni

JIBU: Si kawaida, mama, na usisubiri mwezi mwingine upite. Sababu zinaweza kuwa nyingi, ikiwemo mimba, kwa hiyo mpeleke apimwe. Ikiwa ni njaa, mwili wake umepunguza estrojeni katika miaka ileile ambayo msichana hujenga mifupa yake. Hadi asilimia 90 ya ujazo wa juu kabisa wa mifupa huwa umepatikana afikapo miaka 18. Usimkaripie mbele ya sahani. Kaeni mle pamoja, kwa kuanzia na mtindi, mayai au dagaa, na andika tarehe ya hedhi yake ya mwisho, maana ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa hospitali.