Anga juu ya Mwanza: majibu ya maswali yenu

Nikiwa kijijini Misungwi naona kama wingu jeupe limekatiza anga lote usiku. Nikirudi Kirumba silioni. Ni nini hicho?

Hilo si wingu, ndugu yetu. Ni galaksi yetu, Njia ya Maziwa, tunayoitazama tukiwa ndani yake. Ina nyota kati ya bilioni 100 na 400, zilizotandaa katika umbo bapa lenye upana wa takriban miakanuru 100,000 (mwakanuru mmoja ni mwendo wa nuru kwa mwaka, yaani kilomita trilioni 9.5 hivi). Jua letu liko miakanuru 26,000 kutoka kitovuni. Ukitazama kuufuata ubapa huo, nyota ni nyingi na ziko mbali kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha, linaona weupe tu. Mabaka meusi yaliyomo ndani ya weupe huo ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota za nyuma yake.

Kirumba huioni kwa sababu taa za jiji humulika vumbi na mvuke ulio hewani, na anga lote hupauka. Ukitaka kuiona vizuri, chagua usiku usio na mbalamwezi katika kiangazi, Juni hadi Agosti. Katikati ya Agosti, saa 3 usiku, simama ukitazama kusini. Tafuta kundi la nyota liitwalo Nge, lenye mkia uliojikunja. Pembeni mwa mkia huo, upande wa kushoto, weupe unakuwa mnene kuliko kwingine kote. Kitovu cha galaksi kiko huko, na ndani yake mna shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki) lenye uzito wa majua milioni 4. Picha yake ilitolewa mwaka 2022.

Yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Ukifungua simu mara moja tu, unaanza upya. Tochi ifunike kwa nailoni nyekundu. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni upande wa jiji. Ukiwa Igombe na kutazama kusini, taa za Mwanza ziko mbele yako. Ukiwa Misungwi ziko mgongoni, ndiyo maana kijijini kwako unaiona vizuri.

Je, kuna galaksi nyingine tunayoweza kuiona bila darubini?

Zipo tatu, na hili ni jambo ambalo watu wa Ulaya wanaweza kutuonea wivu. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunaliona anga la kaskazini na la kusini pia.

Ya kwanza ni Andromeda, iliyo umbali wa miakanuru milioni 2.5. Hii ndiyo ya kwenda kuitazama Igombe, kwa kuwa mbele yako, upande wa kaskazini, kuna ziwa. Taa za wavuvi wa dagaa zitakuwapo, lakini hukaa chini kwenye upeo na hazisumbui sana. Katikati ya Novemba, saa 4 usiku, mawingu ya mvua yakiwa yamepisha, tafuta nyota tano zenye umbo la M upande wa kaskazini. Nyosha mkono mbele na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni nyuzi 10 hivi. Kutoka ncha ya juu ya kushoto ya ile M, panda ngumi moja na nusu wima. Utaona doa hafifu lenye ukungu. Usilikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, maana sehemu ya pembeni ya jicho hushika mwanga hafifu vizuri zaidi kuliko katikati. Nuru unayoiona ilitoka huko kabla binadamu wa leo hawajakuwapo duniani.

Nyingine mbili ni Mawingu ya Magellan, upande wa kusini. Kubwa liko miakanuru 160,000. Mwanzoni mwa Februari, saa 3 usiku, tafuta Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote. Shuka chini yake karibu ngumi mbili, ukielekea kulia kidogo. Dogo lina umbali wa miakanuru 200,000 hivi na huonekana vizuri zaidi Desemba. Yote mawili hukaa chini angani, kwa hiyo kilima au miti upande wa kusini inatosha kuyaficha.

Nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni moja?

Ndiyo. Ni sayari Zuhura, ambayo wazee wengi huiita Ng'andu. Njia yake iko ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47, na huwezi kuikuta utosini usiku wa manane. Ukiona saa hizo kitu kinang'aa sana bila kumetameta, yaelekea ni sayari Mshtarii (Jupita). Chukua darubini ya mkono ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50), egemeza viwiko ukutani ili isitikisike, na utaona vidoa hadi vinne vimejipanga kandokando yake. Hiyo ni miezi ya sayari hiyo, ambayo mwanasayansi wa Italia, Galileo, aliiona Januari 1610. Rudi kesho yake, utaikuta imebadilishana nafasi.

Moto hauwaki bila oksijeni. Jua linapata wapi hewa? (Mwanafunzi, Bwiru)

Swali zuri sana, kijana. Jua haliwaki kama mkaa. Katikati yake joto ni nyuzi milioni 15 za Selsiasi, na mgandamizo ni mkubwa kiasi cha kulazimisha viini vya haidrojeni viungane kuwa heliamu. Kila sekunde, takriban tani milioni 600 za haidrojeni hugeuka tani milioni 596 za heliamu. Zile tani milioni 4 zinazopungua ndizo hugeuka nishati ambayo Jua hulitoa kama joto na mwanga. Hakuna hewa inayohitajika. Haidrojeni iliyopo inatosha kwa miaka bilioni 5 hivi ijayo.

Kupatwa kwa jua tunaambiwa tutazame kwenye beseni la maji. Ni salama?

Hapana, tena hapana. Maji hurudisha takriban asilimia 2 ya mwanga wa jua la juu, yaani sehemu 1 kati ya 50. Miwani halali ya kutazamia Jua, yenye alama ya kiwango cha kimataifa ISO 12312-2, hupitisha chini ya sehemu 1 kati ya 30,000. Beseni linaleta jichoni mwanga zaidi ya mara 600 ya huo. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu, kwa hiyo unaungua bila kujua, na doa jeusi linajitokeza saa kadhaa baadaye. Filamu ya eksirei, sidii na miwani ya kawaida ni hatari vilevile. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 12 hadi 14. Namba 10 au 11, ambazo mafundi huzitumia kila siku, hazitoshi.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litafunikwa lote kule Misri, na huku kwetu litamegwa sehemu mchana. Toboa tundu la milimita 1 kwenye kipande cha boksi, lipe Jua mgongo, na uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Umbali wa mita 2 utakupa picha ya Jua yenye upana wa milimita 18 hivi. Tundu likiwa kubwa, au karatasi ikiwa karibu mno, utaona umbo la tundu tu. Usichungulie Jua kupitia tundu hilo.

Ni kweli kuna siku kivuli hupotea Mwanza?

Kweli, mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 14 Machi na 29 Septemba, Jua linapopita utosini. Lakini si saa 6 kamili. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45, na sisi tuko nyuzi 33, kwa hiyo Jua linatufikia kwa kuchelewa: Machi kama saa 6:57 mchana, Septemba kama saa 6:39. Simamisha ufito wa mita 1, uupime wima kwa kamba yenye jiwe. Ukiupima saa 6:00 kamili mwezi Machi, utakuta bado una kivuli cha sentimita 25 hivi kuelekea magharibi.