Uliza Mzee wa Wanyama: Armadilo na kakakuona ni mnyama mmoja?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Mwanafunzi mmoja alileta darasani picha ya mnyama mwenye gamba mgongoni, akasema ni armadilo. Mwenzake akambishia kwamba huyo ni kakakuona, na kamusi moja tuliyofungua ikamuunga mkono. Nani kapatia? Na je, ni kweli kwamba armadilo huzaa mapacha wanne kila mara, na kwamba huambukiza watu ukoma?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Aliyeleta picha ndiye aliyepatia, na huyo wa pili usimlaumu. Baadhi ya kamusi zetu zimempa armadilo jina la kakakuona kwa sababu wote wawili wamevaa silaha mwilini na wote hula wadudu. Lakini si ndugu hata kidogo. Kakakuona ni wa Afrika na Asia, hana jino hata moja, na magamba yake yamepangana kama vigae vya paa, yametengenezwa kwa keratini, kitu kilekile cha kucha zako. Armadilo asili yake ni bara la Amerika, na jamaa zake wa karibu ni wale wala-sisimizi wa huko Amerika ya Kusini. Gamba lake ni vibamba vya mfupa hasa, vilivyoota ndani ya ngozi na kufunikwa juu na keratini nyembamba. Mdomoni ana meno, madogo kama vijiti, yasiyo na enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Armadilo mkubwa kuliko wote, ambaye hupita kilo 30, anaweza kuwa na meno zaidi ya 70.

Nawapenda wanyama hawa tangu niliposoma Texas kwa miaka miwili. Nyuma ya nyumba niliyopanga alikuwa akija mmoja kila jua likizama, yule wa pingili tisa, yaani mikanda inayokunjika katikati ya gamba. Mara ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona: anakoroma puani, anachakura majani makavu. Nikasimama tuli, upepo ukitoka kwake kuja kwangu, naye akanisogelea mpaka karibu na kiatu bila kujua kama nipo. Macho yake ni hafifu, pua ndiyo inayomwongoza. Aliizamisha ardhini, akachimba kishimo chembamba kwa makucha ya mbele, akaramba alichokipata, akasogea hatua mbili, akachimba kingine. Nikakohoa. Aliruka wima, miguu yote minne hewani, akatua na kutimkia kichakani kabla sijavuta pumzi.

Kuruka huko ndiko kunakomwokoa, maana mnyama anayemvizia hushtuka na kumpa nafasi ya kukimbilia shimoni. Barabarani ndiko kunakomuua. Gari ambalo lingempita juu bila kumgusa humkuta karibu mita moja hewani, likamgonga kwa chini. Asubuhi nyingi niliwakuta wamelala chali pembeni mwa lami, na sikuwahi kuzoea.

Waambie wanafunzi wako pia kwamba huyu wa pingili tisa hawezi kujifunga akawa mpira. Wanaoweza kujifunga kabisa ni wale wa pingili tatu tu, aina mbili za Amerika ya Kusini. Mmoja wao, wa Brazili, ndiye aliyefanywa nembo ya Kombe la Dunia la 2014.

Sasa mapacha. Ni kweli kwa armadilo wa pingili tisa, na kwangu mimi hili ndilo la ajabu kuliko gamba. Jike hutoa yai moja, likirutubishwa hugawanyika na kuwa viinitete vinne, hivyo wanaozaliwa karibu kila mara ni wanne, wote wa jinsia moja na wenye urithi uleule. Na si hivyo tu. Wakijamiiana wakati wa kiangazi cha huko, yai lililorutubishwa hukaa miezi mitatu au minne likielea ndani ya tumbo la uzazi kabla ya kujishikiza na kuanza kukua. Mimba yenyewe huchukua kama miezi minne baada ya hapo, na watoto hutoka wakati wa machipuko, gamba lao likiwa laini kama ngozi ya kiatu kipya.

Kuhusu ukoma, ni kweli, ila lieleze kwa haki. Mwili wa armadilo ni wa baridi kuliko wetu, nyuzi 33 hadi 35 hivi, na vimelea vya ukoma hupenda ubaridi huo. Ndiyo maana tangu 1971 wanasayansi walimtumia kuotesha vimelea ambavyo havikuota kwenye vyombo vya maabara. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa kusini mwa Marekani walikuwa na vimelea vya aina ileile iliyo kwa armadilo wa porini. Lakini armadilo naye alivipata kwa binadamu, waliovileta Amerika kutoka ng'ambo. Hatari iko kwa anayemshika au kumchinja. Kumtazama hakuna neno. Na ukoma una dawa, unapona.

SWALI: Mzee, mnyama mzito hivyo huvukaje mto?

JIBU: Kwa njia mbili, mwanangu. Kijito kidogo hukivuka kwa miguu, akitembea chini kabisa kwenye tope huku amezuia pumzi. Anaweza kukaa hivyo dakika kadhaa. Mto ukiwa mpana humeza hewa hadi tumbo na utumbo vijae, akaelea na kupiga kasia kwa miguu. Katikati ya karne ya 19 alikuwa ameshauvuka mto Rio Grande kutoka Meksiko na kuingia Texas.