Maswali ya Wasomaji: Miaka ya klabu na chumvi ya kiwanja

SWALI: Assalaamu alaykum. Tunaandika historia ya klabu yetu ya vijana. Wazee wawili wametupa miaka miwili tofauti ya kuanzishwa. Tumfuate nani? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Msimwache hata mmoja. Mara nyingi wote wawili husema kweli: huyu anakumbuka vijana walipochangishana fedha za mpira wa kwanza, yule anakumbuka timu iliposajiliwa. Andikeni tarehe zote, kila moja na jambo lake: kuanza kucheza, kusajiliwa, kubadili jina, kuhama kiwanja.

Mzee msimuulize "mwaka gani?" Muulizeni kwa tukio. Mapinduzi ya 1964 yaliikuta timu ipo? Uwanja wa Amaan ulipofunguliwa 1970, yeye alikuwa bado anacheza? Zanzibar ilipochukua Kombe la Chalenji kule Uganda 1995, mwalimu wa timu alikuwa nani? Zungumzeni na mmoja mmoja kwanza. Mkianza kwa kuwakusanya barazani, mwenye sauti kubwa atawafunika wenzake. Baraza iwe baadaye, picha zikiwa mezani.

Na picha zinataka subira. Unyevu wa visiwani huigandisha picha kwenye kioo cha fremu. Mkiibandua, sura za watu zitabaki kiooni. Ipigeni picha humo humo, karibu na dirisha, mkiiinamisha kidogo ili kioo kisirudishe mwanga. Chapisheni nakala, mtie namba kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama kisha waliochutama, na kila namba iwe na jina kamili, jina la utani na nafasi aliyocheza. Jina la utani msilidharau, maana wapo waliocheza pamoja miaka na miaka bila kujuana majina ya baba. Nyuma ya picha ya asili tumieni penseli laini tu. Wino hupenya hadi usoni.

Magazeti ya zamani yatafuteni Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, lakini nendeni na mwaka na mwezi mkononi. Anayekwenda na neno "mpira" tu atarudi jioni mikono mitupu.

Kisha mchukueni mzee hadi kiwanjani. Aonyeshe goli lilisimama wapi, njia ilipita wapi, nyumba ipi haikuwepo. Pimeni, choreni ramani, na nakala moja mpelekeeni sheha. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na kiwanja cha vijana kisicho na karatasi yoyote humegwa msingi mmoja baada ya mwengine hadi inabaki kona ya chandimu.

SWALI: Kiwanja chetu kipo karibu na pwani. Kila bamvua maji huingia, na katikati majani hayaoti. Kwa nini? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Yaliwafika hata Mnazi Mmoja, viwanja vya mpira vya mjini Unguja. Pale palikuwa shingo nyembamba ya mchanga kwenye kichwa cha hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Jina la Darajani ni ukumbusho wa daraja la hori hilo. Hori lilifukiwa, lakini ardhi imebaki chini, na bahari bado inaijua njia yake.

Chumvi hufanya mambo mawili. Huzuia mizizi kunywa maji, kisha huvunja chembe za udongo zikashikana kama saruji, na maji yakatuama. Ndiyo maana kumwaga mchanga juu hakusaidii. Kwanza zibeni njia ya maji ya bahari, na mchimbe mifereji ya kuyatoa yanayoingia. Tifueni sentimita 10 hadi 15, changanyeni jasi na samadi iliyooza, muache mvua za Masika zioshe chumvi ishuke. Hapo ndipo mpande ukoka, vipande kila sentimita 15 hadi 20. Mkipanda kabla ya kuosha, utageuka manjano na kufa, na mtailaumu mbegu bure.

SWALI: Mistari yetu hutoka mishazari. Tunakosea wapi? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Kwenye kona. Toka kwenye kigingi cha kona pimeni mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Baina ya alama hizo mbili lazima iwe mita 5 kamili. Tumieni tepu au kamba isiyovutika, nailoni itawadanganya. Mkishafunga kona zote nne, hakikisheni kwa kuvuka kona kwa kona: kiwanja cha mita 90 kwa 60 husoma mita 108 na sentimita 17, njia zote mbili.