Nimeshika mimba huku nanyonyesha: je, mtoto atabemendwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Mbagala, mwanangu ana miezi kumi na bado ananyonya. Nimegundua nina ujauzito. Mama mkwe ananiambia nimwachishe ziwa leo leo, eti maziwa yameshaharibika na mtoto atabemendwa, yaani atadhoofu kwa kuwa tumekutana kimwili kabla hajaacha ziwa. Mume wangu naye analaumiwa kwamba hakusubiri. Mtoto kweli amepungua. Je, tumekosa kisheria? Na nikimwachisha kabla ya miaka miwili nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Dada yangu, mumeo hana kosa. Baada ya uzazi, kinachomzuia mume ni nifasi, yaani damu ya uzazi. Ikikatika na mke akaoga, kunyonyesha peke yake si kizuizi.

Hofu ya kubemenda haikuanzia Mbagala. Waarabu walikuwa nayo, wakiiita ghila: mume kumwingilia mke anayenyonyesha, na wengine wakasema ni mama kunyonyesha akiwa mjamzito. Katika Sahih Muslim, Judama binti Wahb amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikusudia kuikataza, kisha akakumbuka kuwa Warumi na Wafursi (Waajemi) wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hakuwacheka walioogopa. Alitazama hali za watu waliokuwa wakifanya jambo lenyewe, akaacha kukataza. Ipo hadithi ya Asmaa binti Yazid katika Sunan ya Abu Dawud yenye onyo juu ya ghila, na wapo wanazuoni walioichukulia kuwa ni ushauri wa tahadhari, si uharamu. Kwa hiyo anayekwambia mmetenda haramu hana dalili.

Sasa mtoto. Amepungua, na hilo ndilo la kushughulikia wiki hii. Ubaya wa neno kubemenda ni kwamba linajifanya jibu: mama anaona aibu kwenda kliniki, anaishia kwa dawa za mizizi, na kumbe mtoto ana kuhara au malaria, au anapewa uji mwepesi kama maji. Mchukue na kadi yake, apimwe uzito, na useme wazi kuwa una mimba. Wataalamu wa afya wanasema maziwa ya mjamzito yanaweza kupungua na kubadilika ladha, lakini hayageuki sumu. Kama umewahi kujifungua kabla ya wakati au unatokwa na damu, daktari anaweza kukushauri uache kunyonyesha, hapo mfuate.

Na hata maziwa yangekuwa tele, miezi kumi ziwa peke yake halitoshi. Mpe chakula mara tatu au nne kwa siku: uji mzito uliotiwa karanga za kusaga, maharage yaliyopondwa, yai, dagaa waliosagwa laini, papai. Hivi vyote sokoni vipo.

Kuhusu miaka miwili, aya ya 233 ya Suratul Baqara imeitaja kwa anayetaka kutimiza. Aya hiyo hiyo inasema wazazi wakitaka kumwachisha kabla, kwa kuridhiana na kushauriana, hawana dhambi. Waliotajwa ni wawili, baba na mama. Mama mkwe anaheshimiwa na kusikilizwa, na pengine amewahi kuona mtoto akidhoofu namna hii, ndiyo maana anaogopa. Ila uamuzi si wake. Mwache mwanawe akazungumze naye. Wewe ukienda itaonekana unabishana.

Mkikubaliana kumwachisha, msimkatishe kwa siku moja kwa kupaka pilipili. Mpunguzieni kidogo kidogo, na chakula kiongezeke.

Hukuuliza, lakini Ramadhani ikikukuta katika hali hii unaruhusiwa kula ukihofia nafsi yako au mtoto. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ukijihofia mwenyewe utalipa siku hizo tu. Ukila kwa kumhofia mtoto peke yake, utalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.

Wallaahu a'lam.