Denmark: mkopo wa nyumba analipa nani?

Ndugu, umeuliza kama serikali ya Denmark ndiyo inayowalipia wananchi mikopo ya nyumba, maana wamekopa sana. Hapana, haimlipii mtu mkopo wa nyumba. Ukishindwa kulipa, nyumba inapigwa mnada, na fedha zisipotosha, deni linalobaki ni lako. Ila umesema kweli kwamba Wadenmark wamekopa sana: kwa miaka mingi deni la kaya lilizidi mara mbili ya kipato chao cha mwaka baada ya kodi.

Ustawi wa jamii unaingia kwa mlango mwingine. Matibabu hospitalini ni bure, chuo kikuu ni bure, na aliyejiunga na mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi hupata posho hadi miaka 2. Kwa hiyo familia haihitaji akiba kubwa ya dharura, na benki haiogopi kuikopesha. Halafu angalia hati ya mshahara: wengi wana mchango wa pensheni wa 12% ya mshahara au zaidi, sehemu kubwa ikitoka kwa mwajiri. Pesa ipo, tena nyingi, lakini imefungwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo nyumba inabidi ukope. Tangu 2003 kuna hata mikopo ambayo kwa miaka kadhaa unalipa riba tu.

Nayasema haya kwa kufuatilia takwimu za OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri) na za benki kuu ya Denmark. Tahadhari moja: pensheni hiyo haikuokoi bei za nyumba zikianguka. Baada ya 2008 waliokopa zaidi ndio waliobana matumizi zaidi.