Ukitaka kuzungumza na asiyeamini Mungu, anza na mazishi

Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya parokiani kwetu Nakuru, na mume wa dada yangu haamini kwamba kuna Mungu. Tumelizungumza jambo hili miaka mingi bila kuvunjiana heshima. Juzi mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza atakaaje na mwanawe aliyerudi kutoka chuo kikuu akisema haendi tena misa. Haya ndiyo niliyomwambia.

Msianze na uumbaji. Nani aliumba dunia, uovu umetoka wapi: wasomi wamelumbana juu ya hayo kwa karne nyingi, nanyi hamtayamaliza baada ya chakula cha mchana. Kila mmoja atatoa hoja alizozisikia kwingine, na atakayeishiwa na maneno ataondoka na kinyongo. Muulize anaishije na kile anachokiamini.

Baba alipofariki, shemeji alikesha nasi, akasimamia mchango wa mazishi, akabeba jeneza. Tuliposali alisimama kimya, macho wazi, na wazee wakanong'ona. Wiki kadhaa baadaye nilimuuliza: "Shemeji, sisi tulikuwa tukisema baba amelala katika Bwana. Wewe ulikuwa ukisema nini moyoni?"

Akanijibu kwamba kwake yeye baba hatarudi, wala hawataonana tena, kwa hiyo lolote alilotaka kumfanyia ilibidi alifanye akiwa hai. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuwahi kukosa kumpeleka kliniki. Nami nikamweleza kuhusu Novemba, mwezi tunaowaombea marehemu, na jinsi ninavyohisi bado nina la kumfanyia baba. Akauliza kama hilo linapunguza uchungu. Nikamwambia kweli: mara nyingi halipunguzi, ila linanipa mahali pa kuupeleka. Katika mazungumzo hayo nilijifunza juu ya imani yangu mwenyewe mambo ambayo hakuna mahubiri yaliyowahi kunifunza.

Wakristo wenzangu, tuache kumdhania mtu huyu ibada ya shetani. Hofu hiyo ina mizizi hapa kwetu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuichunguza ibada hiyo. Lakini asiyeamini Mungu hamwamini shetani pia. Wala tusimshtukize kwa maombi, kumwekea mikono kichwani sebuleni kwa dada yake mbele ya wageni. Katiba yetu ya 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, na katiba hiyohiyo, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Kwetu tunaombea chakula kama kawaida. Shemeji hunyamaza hadi tuseme amina, na hatumwambii atuongoze.

Nanyi msioamini, nina ombi moja zito. Mwaka 2023 miili ilipofukuliwa Shakahola, zaidi ya 400, ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza wafunge hadi kufa, wengi walituambia: tazameni dini yenu. Mama yangu hufunga kila Kwaresima, na chakula anachojinyima humpelekea jirani. Kumweka kapu moja na waliowaacha watoto wafe njaa ni kumwonea. Shemeji aliuliza tofauti. Alisema: "Mwenzenu wa jumuiya akianza kufunga namna ile, nani kati yenu atamwambia aache, na atatumia maneno gani?" Swali hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Tulilipeleka jumuiyani tukalijadili jioni nzima.

Kuna jambo ambalo watu hulificha, na kulificha ndiko kunakozaa shaka: kila upande ungependa kumvuta mwenzake. Mimi namwombea shemeji aamini, na nimemwambia hivyo. Yeye naye amenieleza waziwazi kwamba angefurahi siku moja nikiona mambo kama anavyoyaona. Tangu tuambiane hayo, akinipa kitabu sidhani ni mtego, nami nikimwalika kusikiliza kwaya Krismasi anajua ni mwaliko tu. Huja, na hukaa kiti cha nyuma.

Ukiona mwenzako amechoka, au jibu lake limeanza kuwa fupi, geuza mazungumzo. Yatarudi siku nyingine. Na mtu aliyefiwa jana au anayeuguza mtoto usimuulize kabisa maana ya maisha, mpelekee uji.

Suala la watoto wao ndilo gumu zaidi, na hatujakubaliana. Dada huwapeleka misa, baba yao hujibu maswali yao nyumbani kadiri anavyoona ni kweli. Nina wasiwasi, naye ana wake. Tulichokubaliana hadi sasa ni kwamba mimi simsemi vibaya mbele ya watoto, naye haisemi vibaya misa.